Mikono Miwili, Mdundo Mmoja

Anayetaka kujifunza muziki wa kisasa ulioandikwa kwa ajili ya mpigaji mmoja wa ngoma, kama vile Rebonds ya Iannis Xenakis, iliyotungwa kati ya 1987 na 1989, huambiwa mara nyingi auzoeze kila mkono peke yake kwanza. Mimi nashauri kinyume, kwa kuwa mikono iliyofunzwa mbalimbali hugombana inapokutanishwa, na mpigaji huishia kuufuata mmoja huku akibahatisha wa pili.

Tuchukue mapigo manne dhidi ya matatu, yaani mkono mmoja unapiga mara nne katika muda uleule ambao mwingine unapiga mara tatu. Ugawe muda wake katika sehemu 12 zilizo sawa: mkono wa kulia unapiga kwenye sehemu ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, na wa kushoto kwenye ya 1, ya 5 na ya 9. Ukiyaunganisha, unapata mapigo sita tu, ambayo nafasi zake ni 3, 1, 2, 2, 1, 3, yaani zinasomeka vilevile kutoka mwanzo au mwisho. Uimbe mdundo huo kwa silabi zozote kabla ya kushika mikwiro, na ukishatulia mdomoni ndipo uigawie mikono silabi hizo. Matano dhidi ya manne huhitaji sehemu 20 na kuzaa mapigo manane. (Aliyekulia penye ngoma ameshayazoea matatu dhidi ya mawili, hata kama hajawahi kuyaita hivyo.)

Katika Bone Alphabet, ambayo Brian Ferneyhough alimwandikia mpigaji Steven Schick miaka ya 1991 na 1992, mdundo mmoja hutiwa ndani ya mwingine, kwa hiyo hesabu inakuwa ndefu mno kuimbika. Hapo mimi huchora kipimo kimoja (kipande kimoja cha muziki kati ya mistari miwili ya wima) kwenye karatasi yenye miraba, nikaona kila pigo linaangukia wapi, kisha nikalipiga polepole mno. Mtunzi ametaka ala saba, akamwachia mpigaji azichague mwenyewe, na uchaguzi huo usifanywe kwa haraka: chagua zenye sauti fupi na zinazotofautiana waziwazi, kwani chuma kinachovuma kwa muda mrefu hulifunika pigo linalofuata.

Metronomu, kifaa kinacholia kwa mwendo usiobadilika ili kumwongoza mpigaji, nayo isilie kila pigo, bali mwanzoni mwa kipimo tu, ili muda uliobaki uushike mwenyewe.