Cha kuweka nyuma ya nakshi kwa bei nafuu

Pole ndugu yangu wa Moshi, uliyeuliza uweke nini cha bei nafuu nyuma ya picha zako za mbao za kukatwa matundu. Kweli plaiwudi mpya nyuma ya kila picha ya tembo unayokata kwa msumeno wa mashine itakula faida yote. Omba mabaki ya hadibodi ya milimita 3 kwa mafundi makabati, yapige rangi nyeusi isiyong'aa. Karatasi ngumu ya manila nayo inafaa, ila juani hupauka. Ninachopenda mimi ni sketi nzito ya sufu kutoka soko la mitumba la Memorial hapo Moshi: haiakisi mwanga, matundu yanaonekana yana kina. Ipige pasi kwanza!

Paka picha vanishi, ikauke, ndipo ubandike kitambaa au ubao wa nyuma. Gundi iwe kiduchu. Niliwahi kuizidisha ikatokeza mbele, picha yangu ya twiga ikaharibika. Ukikata MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.