Huduma inayowahi kuliko mtandao

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kiprogramu kinachosoma vipimo vya joto na kuvituma kwenye hifadhidata iliyo kwenye seva nyingine. Nimekisajili kama huduma ya systemd, ile programu ya Linux inayowasha na kuzima huduma za mashine. Kila mashine ikiwaka kilikuwa kinakufa kwa kosa la mtandao kutofikika, ingawa niliandika After=network.target. Nikaona mstari huo hauna kazi, nikaufuta, nikaweka ExecStartPre=/bin/sleep 30, yaani kisubiri sekunde 30 kabla ya kuanza. Sasa kinawaka vizuri, ila nikizima mashine vipimo vya mwisho havifiki. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza rudisha mstari ulioufuta, maana vipimo vyako vya mwisho vinapotea kwa sababu haupo.

Jina network.target limewapotosha wengi. Mashine inapowaka, linamaanisha tu kwamba programu inayosimamia mtandao imeshaanzishwa. Kadi ya mtandao yenyewe huenda bado haina hata anwani ya IP. Kazi yake hasa huonekana wakati wa kuzima. systemd hugeuza mpangilio: kilichowashwa baadaye huzimwa mapema. Ukiwa na After=network.target, kiprogramu chako husimamishwa wakati mtandao ungali hai, kikapata nafasi ya kutuma kilichobaki. Ulipoufuta, vyote viwili vikawa vinazimwa kwa pamoja, na mtandao ukitangulia, vipimo havina pa kupita. Hakikisha pia kiprogramu kinaipokea ishara ya SIGTERM, ambayo systemd hutuma kukiomba kijifunge, na kumaliza kutuma ndani ya sekunde 90, kwani huo ndio muda wa kawaida kabla hakijauawa kwa nguvu.

Kwa upande wa kuwaka, unachohitaji ni network-online.target, na hapa panahitajika mistari miwili:

Wants=network-online.target
After=network.target network-online.target

After peke yake hupanga foleni tu, haimwiti mtu. Kama hakuna huduma iliyoitaka network-online.target, haitawashwa na hutasubiri chochote. Wants ndiyo inayoita. Kisha angalia kama huduma ya kusubiri imewezeshwa: NetworkManager-wait-online.service au systemd-networkd-wait-online.service, kulingana na unachotumia.

Ukitumia systemd-networkd na mashine ina kadi mbili, moja haina kebo, utashangaa kuona inakwama sekunde 120 nzima. Inaisubiri ile kadi tupu. Andika RequiredForOnline=no katika sehemu ya [Link] ya faili la .network la kadi hiyo, itaachwa.

Sasa hiyo sleep, iondoe. Nakuambia hivyo kwa sababu iliniumiza. Nilikuwa na huduma ya nakala rudufu niliyoipa sekunde 20, ikaenda vizuri kwa miezi. Usiku mmoja umeme ukakatika na kurudi, swichi ya mtandao ikachelewa kuamka kuliko seva. Asubuhi nikakuta nakala ya usiku ule haipo, na logi ina mstari mmoja tu wa kosa. Nilikaa nikiutazama mstari ule kwa muda mrefu.

Hata hivyo, network-online.target nayo inazungumzia mashine yako tu. Haijui kama ile seva ya hifadhidata imeamka, wala haitakuambia kebo ikichomolewa saa nane mchana. Kwa hiyo kiprogramu chenyewe kijifunze kujaribu tena. Kama huwezi kugusa msimbo wake, ongeza Restart=on-failure, inayokiwasha tena kikifa kwa kosa, pamoja na RestartSec=5, inayosubiri sekunde 5 kwanza. Usiisahau hiyo ya pili: bila yake systemd husubiri milisekunde 100 tu kati ya jaribio na jaribio, na kwa kawaida ikishaanzisha huduma mara 5 ndani ya sekunde 10 hukata tamaa. Kiprogramu kinachokufa papo hapo humaliza majaribio yote kabla mtandao haujapumua.

Ukishabadilisha, endesha systemctl daemon-reload ili systemd isome mabadiliko, washa mashine upya, kisha systemd-analyze critical-chain ikifuatiwa na jina la huduma yako. Utaona nani alimsubiri nani, na kwa sekunde ngapi.