Acha huo mkono wa nyuma ya kichwa, leo hii

Mkuu, usirudi bwawani Jumamosi kabla hujasoma hapa. Umesema kocha wako hapo Iringa anataka, ukiogelea chali, mkono utue nyuma kabisa ya kichwa ili "uvute maji mengi", na bega limeanza kuuma kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichonimaliza mimi.

Nilijifunzia Mbeya, bwawa la hoteli, asubuhi za Juni maji yakiwa ya kuuma mifupa. Kocha alisimama ukingoni na jaketi lake akipaza sauti: "Mbali zaidi! Mbali zaidi!" Nami nikavusha mkono hadi upande wa pili wa kichwa, kila mzunguko, miezi minne. Bega la kulia likaanza kubana kwa mbele. Akasema ni uvivu, niongeze mizunguko. Nikaongeza. Ikafika siku nashindwa kushika bomba la daladala ya Uyole, usiku silali ubavu wa kulia, na kwa baridi ile ya Julai mama ndiye aliyekuwa akiniingiza mkono kwenye sweta. Nusu mwaka sikugusa maji. Pesa ya mazoezi ya viungo hospitalini ilizidi niliyomlipa yeye. Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira: anayepokea pesa za watu anapaswa kujua kwamba mkono ukivuka kichwa huku mwili umelala bapa, kano za bega zinabanwa na mfupa kila unapouzungusha.

Mkono usivuke saa sita, basi. Jione umelala juu ya uso wa saa, kichwa kiko saa sita. Mkono mmoja uingie saa tano, mwingine saa saba, kila mmoja sambamba na bega lake, kidole cha mwisho kikitangulia. Utahisi umetanua mno. Usibadilishe, huko nyuma huoni na mwili unakudanganya. Mtu asimame ukingoni unakoelekea akupige video kwa simu. Urefu unaoutafuta unatoka kwenye kiwiliwili: bega la mkono unaoingia lizame, la pili lichomoze, kichwa kimetulia tuli. Kisha kunja kiwiko, sukuma maji kuelekea miguuni mpaka kiganja kipite paja. Ukiuburuza mkono umenyooka, bega linabeba mzigo wote.

Yale ya miwani na pumzi uliyouliza, wengine watakujibu. Wewe sasa hivi lala chali sakafuni, nyoosha mkono juu ya kichwa, uvushe taratibu upande wa pili. Pakibana mbele ya bega, Jumamosi usiende.