Umefunga Sola, Uniti za LUKU Bado Zinakimbia? Kagua CT

Msomaji ameandika: kafunga inveta ya haibridi (inayounganisha paneli, betri na gridi) ya kilowati 5, jua linawaka, na uniti zinaisha upesi kuliko zamani. Usimgombeze fundi bado, wala usikimbilie betri ya pili. Tazama CT, ile sensa inayobana waya karibu na mita.

Mita nyingi za malipo ya kabla hazijali umeme unaelekea wapi, zinahesabu kilichopita tu. Ukirudisha wati 500 kwenye gridi kwa saa 5, umegawa uniti 2.5 bure na umezilipia juu yake. CT ndiyo humwonyesha inveta kwamba umeme unatoka. Ikifungwa kinyume, inveta huuona unaingia, nayo huzidi kusukuma mpaka mwisho wa uwezo wake.

Zima swichi kuu kwanza. CT ikae kwenye waya wa laini, mara baada ya mita, kabla matawi hayajaanza. Ukiibana laini na nyutro pamoja itasoma sifuri, kwani mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana. Mshale uliochorwa kwenye CT, fuata kitabu cha inveta yako. Kampuni hazikubaliani hapa, na fundi anayesema "huelekea gridi siku zote" anabahatisha.

Halafu pima. Zima paneli na betri, washa birika la wati 2000. Usomaji wa gridi kwenye skrini ya inveta uongezeke kwa takriban 2000. Ukishuka kwa 2000, geuza CT. Ukipanda 1000 au 4000, uwiano (mara ngapi CT hupunguza mkondo) uliowekwa kwenye menyu ya inveta si wa CT hiyo.

Kwenye fezi tatu (nyumba yenye nyaya tatu za laini) kuna mtego: CT ikisoma fezi moja huku inveta ikiihesabu kwa volteji ya nyingine, zinapishana digrii 120, na birika lilelile huonekana hasi 1000. Hapo kugeuza mshale ni kuficha kosa. Hamishia CT kwenye fezi ileile ambayo inveta inapima volteji yake.

Mwisho, usiweke kikomo cha gridi (kiasi cha umeme wa gridi ambacho inveta hulenga) sifuri kamili. Pasi ikijikata, inveta huhitaji muda kidogo kupunguza, na ndani ya muda huo umeme unamwagika nje. Acha wati 30 ziingie: kwa saa 10 za jua ni uniti 0.3. Waya wa CT ukirefushwa, tumia jozi ya nyaya iliyosokotwa, mbali na nyaya kubwa za umeme, la sivyo usomaji utarukaruka.