Chingamu ya nikotini nayo ni nikotini. Ahirisha operesheni!

Mleta mada, ahirisha. Umesema unakazwa ngozi ya uso wiki ijayo, sigara umeacha, sasa unatafuna chingamu ya nikotini ili usirudie. Halafu unauliza uvimbe unaisha lini, na kama uunganishe na operesheni ya kope humohumo. Uvimbe utaisha. Hiyo chingamu ndiyo balaa.

Mimi yangu ilikuwa sigara ya umeme. Na niliuliza, sikuficha. Yule "mshauri wa wagonjwa" (muuzaji aliyevalishwa koti jeupe, tusidanganyane) akanijibu huku anatabasamu kwamba kibaya ni moshi, mvuke hauna neno. Daktari nilimwona dakika za mwisho, kalamu mkononi, ananichora mashavu. "Unavuta sigara?" Nikasema hapana. Nilishasafishwa dhambi na mshauri.

Sasa sikia kinachofanyika mle ndani. Unapasuliwa mbele ya sikio kuzunguka hadi nyuma yake, ngozi ya shavu inabanduliwa, tabaka la chini linakazwa, kisha ngozi inavutwa na inayozidi inakatwa. Ile iliyobanduliwa imeshakatiwa mishipa midogo iliyokuwa ikiilisha kwa chini. Inaishi kwa damu inayotokea upande ambao bado imeshikana na uso. Nikotini inabana mishipa hiyohiyo, na haijali imeingia kwa moshi, mvuke, chingamu au kibandiko. Nyuma ya sikio, mbali kuliko kote, ndiko damu inakokosekana kwanza.

Kwangu lilianza doa la zambarau. Nikadhani ni damu imevilia tu, maana uso mzima ulikuwa hivyo. Kwingine rangi ikageuka kijani, ikaja manjano, ikapotea. Pale pakazidi kuwa peusi, pakakauka kama ngozi ya ngoma, nyuzi zikaachia pembeni. Kidonda kilichukua miezi kujaa, kikaacha kovu pana linalong'aa. Nililipia kupunguza miaka, nikaongezewa mtindo wa nywele: wa kufunika masikio, wa kudumu. Nikampigia mshauri, eti "kila mwili una majibu yake". Wakati wa kupokea hela mbona mwili wangu ulikuwa kama wa wengine?

Kwa hiyo: nikotini sifuri, ya aina yoyote, wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Mwambie daktari mwenyewe, kwa mdomo wako, siyo mtu wa mapokezi. Wapo wanaopima mkojo kuona kama una nikotini kabla ya kushika kisu. Wako asipopima, muombe. Akikuambia siku chache zinatosha, tafuta mwingine.

Haya, uvimbe. Siku 2 au 3 za mwanzo unazidi, usijitazame kwenye kioo. Baada ya kama wiki 2 wengi wanaweza kutoka. Ganzi kwenye masikio hukaa miezi. Ila upande mmoja ukifura ghafla na kuuma kuliko wa pili, hasa saa 24 za kwanza, hiyo ni damu inajaa chini ya ngozi: usisubiri kuche, piga simu usiku huohuo.