Celtics na Lakers: kwa mnaohesabu pointi tu

Kati ya hizi timu mbili, nani mbabe wa mwenzake?

Celtics wa Boston na Lakers wa Los Angeles zimekutana fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mara 12. Celtics 9, Lakers 3. Tuendelee.

Mataji matano ya Minneapolis yahesabiwe kwa Lakers?

Yahesabiwe. Timu ilihamia Los Angeles mwaka 1960 pamoja na historia yake, wala mashabiki wa Boston hawana kifutio. Ila anayeyataka hayo matano abebe na kipigo cha 1959, Lakers walipofungwa michezo 4-0 na Celtics wakiwa bado hukohuko Minneapolis. Huwezi kuchukua nyama ukaacha mifupa.

Magic Johnson wa Lakers au Larry Bird wa Celtics?

Jamani, tena? Fainali tatu: 1984 ya Bird, 1985 na 1987 za Magic. Kila fainali huenda hadi michezo saba, na hizo tatu jumla ni michezo 19. Itazame yote ndipo uniandikie.

Fainali ya 2010, mchezo wa saba, Kobe Bryant wa Lakers aliingiza mitupo 6 kati ya 24. Lakers walishindaje?

Hili ndilo swali. Celtics walifika hadi kuongoza kwa pointi 13 robo ya tatu, na bado wakalala 83-79. Tafuta jibu kwenye ribaundi, yaani kudaka mpira mtupo unapokosa: Lakers 53, Celtics 40. Na katika hizo 53, 23 walizidaka kwenye kikapu walichokuwa wanakishambulia. Maana yake ni kwamba mtupo ulipokosa, mara nyingi mpira ulirudi mikononi mwao wakajaribu tena. Gasol wa Lakers alidaka 18. Kobe huyohuyo mnayemcheka alidaka 15. Upande wa pili Perkins, mwenye kazi ya kusafisha chini ya kikapu cha Celtics, alikuwa ameumia goti mchezo wa sita, na pengo lake lilionekana.

Lakini mkiulizwa kuhusu usiku ule mnataja ule mtupo wa pointi tatu wa Artest wa Lakers. Ulikuwa muhimu, sikatai. Tabu ni kwamba siku hizi watu wanatazama vipande vya sekunde kumi halafu wanabishana kama makocha, na ribaundi haikatwi ikawekwa kwenye kipande.

Wakikutana tena nimpe nani? Nataka kubeti.

Umekosea mlango.

Ilikuwaje Jerry West wa Lakers akawa mchezaji bora wa fainali 1969 na timu yake imefungwa?

Alistahili. Ndiyo kwanza tuzo hiyo ilikuwa inaanza kutolewa, na hadi leo hakuna mwingine wa timu iliyoshindwa aliyeipata. Mwenye kuulizwa ni kocha wake. Mchezo wa saba, nyumbani, Chamberlain, nyota mwenzake, akatoka kwa maumivu ya goti, baadaye akataka kurudi, kocha akagoma. Wakafungwa 108-106, huku maputo ya sherehe yao ya ubingwa yakining'inia darini. Bill Russell, mchezaji na kocha wa Celtics kwa wakati mmoja, akaondoka na taji lake la 11. Kwa West ilikuwa fainali ya sita kupoteza mbele ya watu walewale. Mimi hayo maputo yananiuma hata leo, na wala si shabiki wa Lakers.

Ile faulo ya McHale wa Celtics kumwangusha Rambis wa Lakers, fainali ya 1984, leo angetolewa nje?

Kabla Rambis hajainuka. Siku ile McHale alibaki uwanjani, na Celtics wakashinda mchezo katika muda wa ziada. Nyie mnaoiita "kikapu cha wanaume", mkamwulize Rambis.