Laki saba na nusu kwa usiku, na mama mkwe abaki Tanga?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tunaishi Dar es Salaam, tuna watoto watatu: miaka 9, miaka 6 na mdogo wa miezi 14. Likizo hii nimepata hoteli ya ufukweni Bagamoyo, unalipa mara moja, chakula na vinywaji vyote humo humo. Usiku tatu tu. Laki mbili na nusu kwa mtu mzima kila usiku, watoto wawili nusu bei, mdogo bure. Mume wangu hataki. Anahoji kama askari: nani atakula nini, maji yanakupwa saa ngapi. Anataka tupange nyumba hukohuko Bagamoyo, twende na mama yake kutoka Tanga. Mimi siendi likizo kupika! Mwenzangu wa ofisini alikwenda na familia yake, picha zake mpaka leo nazitazama. Na tukighairi pesa hairudi. Huyu si bahili? (Mama Watatu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jiko limekuchosha, hapo sina neno. Mwenye mtoto wa miezi 14 hajalala tangu arobaini. Pole.

Ila kuna maneno yamekuponyoka: "tukighairi pesa hairudi." Pesa ipi? Anayeomba ruhusa hana pesa ya kurudishiwa. Umeshalipa kianzio kimyakimya, nahisi kimetoka kwenye kikoba, halafu unanijia tushirikiane kumwita mumeo bahili. Sishiriki.

Nimepiga hesabu. Ninyi wawili laki tano, watoto laki mbili na nusu. Kwa usiku tatu inafika 2,250,000. Siyo kazi yangu kusema ni nyingi. Nauliza nani ataila. Bei za namna hiyo humpa faida anayekula bufe asubuhi, mchana na jioni, na katikati yuko baa na bia yake. Kama kwenu chupa haipandi mezani, mtalipia kiu ya meza ya jirani. Mtoto wa miaka 6 atachota chipsi na soseji, aume mara mbili, akimbilie bwawani. Uliuliza chumba mnapewa saa ngapi? Mara nyingi ni saa 8 mchana, na kukirudisha ni saa 4 asubuhi. Siku ya kwanza imeliwa nusu, ya mwisho mnatolewa na chai mdomoni.

Swali la mumeo kuhusu maji ndilo limenifanya nimpende. Kakulia Tanga huyo, anajua kupwa na kujaa. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yanakwenda mbali, mnabaki na matope na mashua zimelala ubavu. Na saa hizo husogea kama dakika 50 kila siku. Bahari ya kwenye picha ni ya saa chache tu. Zilizobaki watoto wako bwawani, na wewe uko ukingoni, mdogo kiunoni, jicho kwa wawili waliomo majini. Jiko utaliacha Dar, lakini ulezi utakuwa umeubeba. Uliuliza kina cha bwawa la watoto, na nani anawatazama? Mumeo angeuliza.

Sisemi hoteli hizo ni mbaya. Zinawafaa wenye watoto wakubwa walaji, tena mahali ambapo nje ya geti hakuna kitu. Nje ya geti la Bagamoyo kuna mji! Kuna magofu ya Kaole na msikiti wa karne ya 13, kuna misheni ambako mwili wa Livingstone ulifikishwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, kuna soko la samaki na pweza wa kukaanga wa moto. Yule wako wa miaka 9 angekumbuka haya mpaka uzee. Lakini mtu aliyelipa kila kitu hatoki. Akifika Kaole anawaza bufe yake inaliwa na wengine, anarudi mbio.

Ndoa za siku hizi zimekuwa za kutazamwa. Zamani mtu alikwenda ukweni, akala samaki wa kupaka wiki nzima, akarudi mashavu yamejaa, basi. Sasa bila picha kwenye status ni kama hukwenda. Huyo wa ofisini, usione vyaelea, vimeundwa. Muulize kama mkopo ameumaliza.

Na mama mkwe? Umemtaja mara moja, harakaharaka, kama mtu anayepita mlango wa mdai wake. Nadhani barua yote ni yake. Bibi anayekaa na mjukuu ili wewe ulale mchana saa mbili nzima, hoteli gani inakuuzia hiyo? Ila naye mumeo asidhani mama yake analetwa kupika, wala wewe. Apange nyumba na amlipe mpishi. Bagamoyo haina uhaba wa akina mama wanaojua wali wa nazi.

Leo hii wapigie wa hotelini, uliza kama kianzio kinaweza kugeuzwa kiwe usiku mmoja wenu wawili, siku nyingine, watoto wakiwa kwa bibi yao. Kisha mwambie mumeo, akishakula. Usipike biriani siku hiyo. Atajua kuna jambo kabla hujafungua mdomo.